Pikipiki Yangu Kwenye Posa ya Suzana

...lile lile shati la bluu, nyie! Nililomchagulia mimi kwa mkono wangu pale sokoni, nikalipima mgongoni kwake huku nacheka! Na ua jeupe kalibana kifuani, na mama yake kakaa pembeni na kitenge kipya, na mwenzenu nimesimama mbele yao, nimefunuliwa uso, watu wote wananitazama, na yeye ananitazama machoni, anafungua mdomo, anasema...

Ngoja. Ngoja kwanza nivute pumzi. Nikianzia hapo hamtanielewa, mtadhani nimechanganyikiwa. Na kweli nimechanganyikiwa, ila nina sababu.

Mimi ni Odeta. Diploma yangu ni ya elektroniki, nilisomea Mbeya, na sasa natengeneza simu kwenye duka moja pale Majengo. Kwetu ni Katumba. Babu yangu ndiye aliyetoka Burundi, mimi nimezaliwa hapa, nimebatizwa hapa, na nikikasirika natukana kwa Kiswahili. Mwenye shati la bluu ni Nestori, fundi pikipiki wa Makanyagio. Mrefu, mpole, ana vishimo mashavuni akicheka. Nilimpenda mpaka nikawa najisahau natabasamu nikiwa nachomelea simu za watu.

Siku ya kwanza alikuja dukani ameshika kiboksi cheusi kama sabuni ya kipande.

"Dada, una kebo ya kuingia hapa?"

"Hicho ni nini?"

"Cha injini."

"Siku hizi injini zinachajiwa?"

Akacheka. Vile vishimo, nyie. Mimi nikawa nimeshaisha hapo hapo.

Mambo yalikuwa hivi. Pikipiki yake siyo ya kabureta. Ina kompyuta ndogo ndani, mafundi wanaiita kontroli boksi, na hiyo ndiyo inaamua injini inywe mafuta kiasi gani. Nestori alikuwa ameweka bloku kubwa na pistoni kubwa ili ipande vilima na mizigo, halafu ile boksi ya kiwandani ikawa haielewi tena kinachoendelea. Akaagiza nyingine, ile ambayo unaiunganisha na kompyuta kwa kebo, au na simu kwa bluetooth bila waya, unaiseti mwenyewe. Ndani yake kuna namba tupu, zimepangwa kama viti vya kanisani. Sisi tulikuwa tunaziita ramani. Ukigusa namba moja, injini inabadilika hapo hapo. Na Nestori wangu alikuwa amekopi ramani nzima kwenye video ya mtandaoni, ya pikipiki ya watu wengine kabisa!

"Inawaka?" nikamuuliza.

"Inawaka inakohoa. Inatoa moshi kama inapika pilau."

"Umeizamisha kwenye mafuta, kaka yangu. Hapa inataka kijiko, wewe umemwaga ndoo."

Basi tukaanza. Nikitoka dukani jioni napitia gereji kwake, nakaa kwenye stuli, simu mkononi. Yeye anavuta mafuta, mimi naangalia sensa ya ekzosi inasema nini, napunguza namba. Anatoa plagi tunaangalia rangi, bado nyeusi, napunguza tena. Wakati mwingine vichwa vyetu vinakutana juu ya plagi na hakuna anayerudi nyuma. Mtu mwingine anapendwa kwa maua. Mimi nilipendwa kwa harufu ya petroli, na nikaridhika, nikajiona tajiri.

Ilipotulia kabisa tukaenda nayo Ikola. Njia nzima haikukohoa hata mara moja. Tukakaa ufukweni, dagaa wameanikwa kila mahali, na nilipomwambia lazima tuweke paswedi ili fundi mwingine asije akaharibu kazi yetu, akasema, "Weka Ikola. Ili kila ukiifungua unikumbuke nilivyo leo."

Nikaweka Ikola.

Nikamuuliza pia, maana nilikuwa na ujasiri siku hiyo, "Nesto, kwetu utakuja lini?"

Akatazama majini. "Mama hataki Mrundi, Ode. Anasema tutafute wa kwetu, Mbende. Nipe muda nimlainishe. Na wewe usiseme kwa ndugu zako kwanza, wasije wakamchukia."

Nikanyamaza kwa ajili ya mama yake. Mwaka mzima nimemficha mwanaume kama nimeiba.

Sasa wiki iliyopita akaniambia, "Ode, ramani yako nzuri, ila ikiondoka inaruka. Abiria wangu analalamika mgongo."

"Abiria gani huyo mwenye maringo?"

"Wako wengi. Halafu Jumamosi nina safari ya kupeleka wazee kwenye shughuli. Nataka iondoke taratibu, mtu asisikie."

Nyie, nilivyojituma! Nikazishika namba za mwanzo kabisa, zile za injini inapoanza kuondoka, moja moja. Nikakaa nyuma yake na kikombe cha chai mkononi, nikamwambia ondoka, tukarudia, tukarudia, mpaka chai ikaacha kumwagika. Ikabaki kasoro moja tu: ukiachia mafuta ghafla, ekzosi inapasua kidogo, pu-pu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Nikamwambia hiyo tutaimaliza wiki ijayo. Akanibusu kwenye paji la uso. "Wewe ni dhahabu," akasema. Jumamosi mimi ningekuwa dukani, na hivyo ndivyo alivyojua.

Jumamosi asubuhi masenge Épiphanie akanipigia. Masenge ni shangazi yetu, dada wa baba, na akiongea kwenye simu ni kama yuko ng'ambo ya mto.

"Odeta! Leo Suzana anaposwa, wewe uko kwenye simu za watu? Funga duka! Wasichana hawatoshi!"

Suzana ni mtoto wa baba mkubwa, tumenyonya nyumba moja. Nilijua ana mchumba, ila jina alikataa kunitajia. Suza ana imani zake, eti jina la mchumba halitajwi mpaka pombe inywewe, utatia mkosi. Nikamwomba bosi ruhusa, nikakimbia Katumba, nafika namkuta chumbani anapakwa mafuta, anameremeta.

"Ode! Umekuja!"

"Nikose? Haya, niambie basi hata kidogo. Anafanya kazi gani?"

"Hunikamati." Akacheka, halafu akashindwa kujizuia. "Ila mtundu! Ana pikipiki yake, zamani ilikuwa inanirusha nyuma, nikamwambia mimi siipandi tena, utaniua kabla hujanioa. Shoga, kaenda kaishughulikia mwenyewe, kwa mikono yake, jioni baada ya jioni. Juzi kanipitisha nayo, kama nimekaa kwenye sofa!"

Na mimi, mwenye diploma, nilimjibu nini? Nilimwambia, "Suza, wanaume wanaojua kuseti pikipiki wenyewe mjini ni wachache. Huyo mshike."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu.

Masenge akaingia na rundo la vitenge. "Odeta, wewe urefu wako na wa Suza ni mmoja. Utatoka wa kwanza."

Kwetu wakwe wakija hawapewi msichana hivi hivi. Msemaji wetu anawakatalia kwanza, anawaambia mmepotea njia, hapa hatuna msichana. Halafu wanaletewa wasichana wengine, mmoja mmoja, wamefunikwa vitenge kuanzia kichwani. Anafunuliwa, bwana anaulizwa ni huyu? Anasema siyo huyu, watu wanacheka, wanakunywa, analetwa mwingine. Mwenyewe anatoka wa mwisho. Nimeshawafanyia wenzangu wengi, ni mchezo tu.

Nikiwa nimefunikwa, naona wekundu wa kitenge peke yake, nikasikia pikipiki inaingia uani.

Pu-pu.

Moyo ukaruka. Nikaijua ile sauti kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake. Na mnajua nilifikiri nini? Nilifurahi! Nikasema moyoni, kumbe wazee aliokuwa anawapeleka shughulini ni hawa wakwe wa Suza! Yuko hapa hapa! Leo ataniona nimependeza, ataona nyumba yetu, ataona Warundi wenyewe tulivyo watu wa kucheka, labda leo atapata nguvu za kuongea na mama yake. Nikawa natabasamu peke yangu humo gizani. Nikamnong'oneza masenge, "Nikazie kiunoni kidogo, kitenge kinapwaya."

Tukatoka. Masenge kanishika mkono, vigelegele vinapigwa. Nikamsikia mzee Leonidas, msemaji wetu, anatamba.

"Haya wageni! Tumezunguka kijiji kizima, tumeokota huyu. Kijana, simama umtazame vizuri. Usije ukatuletea kesi kesho!"

Kitenge kikaondoka.

Na aliyesimama ni Nestori.

Nilimtafuta kwanza kule nyuma, kwa madereva, huko ndiko nilitegemea atakuwa. Macho yalichelewa kurudi mbele. Shati la bluu, ua jeupe. Mama yake kushoto, mama asiyetaka Mrundi, kakaa kwenye kiti cha Warundi, ana mrija wa pombe ya ndizi ya Warundi mdomoni, amefurahi huyo!

Rangi ikamtoka Nestori.

"Kijana, umemezwa na nini?" mzee Leonidas akamchokoza. "Amekuzidi uzuri? Ni huyu?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa namwangalia tu. Sijawahi kumwomba Mungu kitu kwa nguvu kama pale. Sema ni huyu. Vuruga shughuli, tufukuzwe wote, baba mkubwa anilaani, sema tu ni huyu.

"Siyo huyu," Nestori akasema.

"Sauti!"

"Siyo huyu!"

Vigelegele. Makofi. Mama yake anacheka mpaka anajifuta machozi. Na mimi, kwa kuwa ni mchezo, ilibidi nicheke, nipige goti kidogo, nirudi ndani nikitikisa mabega kama inavyotakiwa. Nilitikisa. Masenge baadaye alinisifu, eti nimecheza vizuri kuliko wote.

Sikubaki kumwona Suzana akitoka. Nilipitia mlango wa jikoni, nikaenda kwenye migomba ambako pikipiki ilikuwa imeegeshwa, nikaweka kiganja kwenye injini. Bado ilikuwa ya moto. Sijui nilikaa pale muda gani, nilisikia vigelegele vile vikubwa, vya mwenyewe, halafu nyimbo, halafu hatua nyuma yangu.

"Ulisema leo uko dukani," Nestori akasema.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza, nyie. Mnisaidie.

"Samahani," nikamjibu. "Samahani kwa kuja kwetu."

"Ode, sikujua kama ni ndugu yako. Nimejua juzi juzi, mambo yameshafika mbali."

"Ulisema mama hataki Mrundi."

Akaanza kuchezea lile ua.

"Suzana ni nani, Mzungu?"

"Mama alipita gereji siku moja, hukumwona. Alikukuta umelala chini ya pikipiki, uso mzima grisi. Akaniambia yule ni fundi mwenzako, siyo mkwe wangu. Nikatafuta namna ya kukwambia. Nikaona nikisema hataki Mrundi haitakuuma sana."

"Ukaona hiyo ndiyo haiumi."

"Sikutaka kukuumiza."

"Yule abiria anayelalamika mgongo, alikuwa Suzana?"

Akaangalia tairi.

"Nimekaa na chai ya moto mkononi, Nestori. Imenimwagikia mapajani, nikakwambia haidhuru, rudia tena. Nilikuwa namtandikia mwenzangu kiti."

Akasogea, akaweka mkono begani kwangu, akaongea kwa ile sauti yake ya upole, sauti iliyonimaliza mwaka mzima. "Sikiliza. Suzana ni mtu wa nyumbani, mama amempenda, basi. Lakini mimi na wewe tuna kazi yetu, hiyo haifi. Kuna madereva wawili wameshanunua boksi, wanakusubiri. Utakuja jioni kama kawaida."

"Kama kawaida."

"Kama kawaida tu, Ode. Na hii kupasua ukiachia mafuta, wiki ijayo tuimalizie."

Nilicheka. Kicheko kilitoka tu chenyewe. Akadhani nimesamehe, akacheka na yeye, vishimo vikaonekana. Kwa mara ya kwanza nikaviona ni mashimo.

"Rudi kwa wakwe zako," nikamwambia. "Wasije wakakutafuta."

Jioni ilipokaribia, wageni wakaaga. Ukoo mzima ukatoka kuwasindikiza mpaka uani, na vijana wakaanza kelele, mpakie, mpakie, wapige picha! Suzana akapandishwa nyuma ya Nestori, amekaa upande, gauni limemwagika vizuri, ananiona ananipungia mkono. "Ode, angalia! Sofa!"

Nikampungia. Mkono mwingine ulikuwa na simu.

Boksi ile haina uhai mpaka ufunguo uzungushwe. Nestori akazungusha ufunguo, na simu yangu ikatetemeka kiganjani. Imeunganishwa. Weka paswedi.

Nikaandika Ikola. Herufi tano, na kila moja ilikuwa inanichoma kidole.

Ndani kulikuwa na ramani mbili. Ya kwangu, na ile yake ya siku ya kwanza kabisa, iliyotoka kwenye video, ambayo sikuwahi kuifuta kwa sababu nilikuwa naiona kama picha yetu ya utotoni. Haiwezi kumuumiza mtu, nilijua, itakohoa na kuzima tu hata kabla haijatoka getini. Kidole kikasita. Nikamsikia mama yake anamwambia baba mkubwa, kwa majivuno, "Mwanangu hiyo kaitengeneza mwenyewe, baba. Ana akili ya mikono."

Nikachagua ya kwake. Nikabonyeza.

Akapiga stata. Injini ikabweka, ikatoa moshi mweusi, ikaruka mbele hatua moja, Suzana akapiga ukelele akamng'ang'ania shingoni, ikazima. Akapiga tena. Ikakohoa kama mzee wa tumbaku. Harufu ya petroli ikatapakaa uani, na masenge akaziba pua na kitenge.

"Nestori," mama yake akasema, amepunguza sauti, "si ulisema umeitengeneza mwenyewe?"

"Ameitengeneza mwenyewe, mama," nikajibu mimi, na yangu sikuipunguza. "Hiyo iliyomo sasa ni ya kwake kabisa. Hakuna mtu aliyemsaidia."

Watu wakacheka, wakadhani bado ni mchezo. Nestori jasho linamtoka, anapiga stata, inakohoa, anapiga, inazima. Na hapo ndipo alipokosea. Hakufikiri. Ulikuwa ni mwaka mzima wa mazoea. Kila ikigoma alikuwa anafanya kitu kimoja tu, bila hata kugeuza kichwa. Akanyoosha mkono kuelekea upande wangu akasema:

"Ode, hebu iangalie."

Uani vicheko vikakatika. Ngoma ilikuwa bado inapigwa kule nyuma, halafu nayo ikaacha. Mzee Leonidas mdomo wazi. Nikaona kila mtu anajiuliza: msichana uliyemkataa saa ile mbele ya watu, eti siyo huyu, umejuaje kama anajua pikipiki? Tena unamwita Ode, kama mtu wa nyumba hii?

Nestori akasikia alichosema. Nikaona mabega yanavyoanguka ndani ya shati la bluu.

Suzana akateremka taratibu kwenye pikipiki. Akamwangalia yeye. Akaangalia simu mkononi mwangu. Halafu akaangalia mikono yangu yenyewe, vidole vyangu hivi ambavyo grisi haitoki kwenye kucha hata nioshe na nini.

"Ode," akasema, kidogo kidogo, "hii pikipiki... ni nani aliitengeneza?"

Nimemjibu. Ila nilichomjibu, na alichofanya mama Nestori baada ya hapo, na lile ua jeupe liliishia wapi, kesho asubuhi nikishakunywa chai nitawaambia yote bila kuficha. Sasa hivi siwezi, maana Suza yuko hapa mlangoni kwangu, amebeba begi, na hajaniambia bado kama amekuja kunipiga au kulala.